Mtu wa Pili Kutoka Kushoto

Mjukuu alirudi kutoka ziara ya shule akiwa na kikombe mkononi na swali mdomoni. Nyumbani walishamzoea. Walimwita Maswali, na jina lake la kwenye cheti wakawaachia walimu. Alianza kabla hajavua viatu.

"Bibi, baba yako si alikuwa fundi bomba?"

"Alikuwa fundi bomba. Kwani vipi?"

"Mbona makumbusho wameandika alikuwa mwizi?"

Bibi alikuwa anakunja nguo zilizotoka kuanuliwa. Shuka aliyoishika ilimponyoka ikaanguka sakafuni, naye akaiacha hapo hapo.

"Wameandika nini?"

Maswali akaeleza. Makumbusho ya mji yamefungua chumba kipya cha miaka hamsini ya maji ya bomba, na ukutani pana picha kubwa ya siku bomba la kwanza lilipofunguliwa. Wanaume saba wamesimama mstari mmoja. Wa pili kutoka kushoto ana masikio yaliyochomoza kama mikono ya sufuria, masikio yale yale aliyonayo Bibi, aliyonayo mama, aliyonayo Maswali mwenyewe. Darasa zima lilimgeukia likaangua kicheko. Ndipo mwalimu akasoma kibao cha maelezo kwa sauti: wa pili kutoka kushoto, karani wa ugavi, ambaye baadaye alifungwa kwa kuiba mabomba ya mradi. Basi njia nzima ya kurudi shuleni wenzake walimwita mjukuu wa mwizi.

"Na hicho?" Bibi alinyoosha kidole.

"Kikombe cha ukumbusho. Wametugawia wote."

Kwenye kikombe palichorwa kwa rangi ya buluu uso wa mwanamume mwembamba mwenye masharubu yaliyopunguzwa kwa uangalifu, na chini yake maneno: Fundi Aliyetuletea Maji. Bibi alikisogeza karibu na macho, akakipeleka mbali, akakirudisha tena. Masharubu yale aliyajua. Aliyaona mara ya mwisho mahakamani, akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, baba yake akiwa amesimama kizimbani kutoa ushahidi na mwenye masharubu akimtazama kwa jicho la kuua.

"Jizi lenyewe ndilo hili!" akasema. "Jizi wamelitia kwenye kikombe, na baba yangu wamemtia jela!"

Siku ile nguo hazikukunjwa tena.

Mji mzima ulimjua bibi huyu kama Bi Giza. Jina halikutokana na tabia yake, ingawa wapo waliosema linamfaa kotekote. Lilitokana na kazi. Kwa miaka arobaini na mmoja alisafisha picha katika chumba cha giza cha studio iliyokuwa mkabala na posta, chumba kisicho na dirisha, chenye taa moja nyekundu, mabeseni matatu ya dawa na kamba ya kuanikia. Dawa zilimwachia kucha za rangi ya chai ambazo hazikutakata hata baada ya kustaafu. Kila jambo kubwa la mji lilipita mikononi mwake likiwa bado limelowa: magwaride, mawe ya msingi, timu zilizonyanyua kombe, wakubwa waliokuja kufungua hiki na kuzindua kile. Wote waliibuka taratibu ndani ya beseni mbele ya macho yake, vyeusi vikitangulia. "Mheshimiwa huanza kuja suti," alipenda kuwachekesha wenzake, "yeye mwenyewe anafuata baadaye."

Alikuwa na majivuno yake, na hakuyaficha. Negativu, ile filamu inayotolewa picha, ina pande mbili, mmoja unang'aa na mwingine umefifia. Ukiiweka kwenye mashine kwa upande usio wake, picha inatoka nzuri tu, kali, safi, ila kila kitu kimehama: wa kulia yuko kushoto na wa kushoto yuko kulia. Wanaojifunza kazi hiyo wote huikosea siku moja. Bi Giza alikuwa akijipiga kifua kwamba yeye hajawahi. Aliwafundisha wasichana wanne na vijana watatu, na wote aliwaambia maneno hayo hayo hadi wakawa wanayamalizia wao kabla yake.

Jambo moja lilikuwa la ajabu kwake. Aliwasafishia watu picha za harusi, za misiba na za pasi za kusafiria, lakini picha ya baba yake hakuwa nayo. Mzee hakupenda kupigwa picha. Kitambulisho chake cha kazi kiliota ukungu mpaka uso ukawa doa. Picha moja ndogo ya siku ile ya bomba aliigandisha ndani ya kifuniko cha sanduku lake la zana, na maji ya kazi yakaila kidogo kidogo mpaka ikaisha. Kwa hiyo Bi Giza alipokwenda makumbusho asubuhi iliyofuata, alikuwa anakwenda kuuona uso wa baba yake kwa mara ya kwanza tangu amzike miaka ishirini na sita iliyopita, na anakwenda kuuona ukiitwa mwizi.

Alimkuta mwongozaji wa wageni, binti mwenye fimbo ya kuonyeshea, akizungusha kundi la watu. Chumba kilikuwa na harufu ya rangi mpya. Ndani ya makabati ya vioo vililala vitu vya siku ile: mkasi wa kukatia utepe, kipande cha utepe wenyewe, bilauri aliyonywea mgeni rasmi maji ya kwanza, beji za kamati, na spana moja kubwa iliyozungushiwa mpira wa baiskeli kwenye mpini. Bi Giza alisimama mbele ya spana. Mpira ule aliufunga yeye akiwa na miaka tisa, kwa sababu mkono wa baba ulikuwa unachubuka. Kibao kilisema: spana ya fundi bomba. Na pembeni yake, kumwonyesha huyo fundi bomba, walikuwa wamekuza uso wa karani mwenye masharubu.

"Na hapa katikati," binti aliendelea, akiinua fimbo kwenye picha kubwa, "ndiye mgeni rasmi akikata utepe. Mkitazama vizuri mtaona ameushika mkasi kwa mkono wa kushoto. Mgeni wetu alikuwa na shoto."

"Ana shoto wapi!" ilitoka sauti ya nyuma.

Watu waligeuka. Bi Giza alikuwa ameshapenya mpaka mbele, pua karibu iguse kioo. Baba yake alikuwa pale, wa pili kutoka kushoto, mikono nyuma, masikio nje, akimtazama mpiga picha kama mtu anayesubiri aambiwe arudi kazini. Kwa kuwa hakupenda kulia mbele za watu, Bi Giza aliamua kukasirika.

"Wewe binti, hebu niambie. Mfuko wa shati la mwanamume unakaa upande gani?"

Binti alimtazama baba mmoja kwenye kundi. "Kushoto."

"Upande wa moyo. Sasa watazame hawa saba. Mifuko yao iko wapi?"

Kundi lote likasogea. Mifuko yote ilikuwa upande wao wa kulia.

"Wanaume saba," alisema Bi Giza, "kila mmoja na fundi wake wa nguo, na wote mafundi walikosea siku moja? Picha imegeuzwa! Aliyeisafisha aliiweka negativu kifudifudi. Na nyie mkachukua majina yaliyoandikwa nyuma, kutoka kushoto, mkayapanga jinsi yalivyo. Wa sita mmemfanya wa pili, wa pili mmemfanya wa sita. Na aliyeisafisha hakuwa fundi, alikuwa punguani aliyefungiwa gizani!"

Mhifadhi wa makumbusho aliitwa. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, tai shingoni, mpole wa maneno, na upole wake ulikuwa ule wa mtu anayemtuliza mgonjwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ondoeni hiyo picha."

"Mama, naelewa uchungu wako. Lakini sisi tunafuata nyaraka. Majina yameandikwa nyuma ya picha na mpiga picha mwenyewe, siku ile ile."

"Majina hayana kosa. Picha ndiyo ina kosa. Yule ni baba yangu, nimemzika mimi."

"Kumbukumbu zinachanganya, mama. Miaka hamsini si mchezo."

"Na masikio haya nayo yanachanganya?" Bi Giza aliondoa kitambaa kichwani.

Mtu mmoja alicheka. Mhifadhi hakucheka, na hapo ndipo alipotamka neno ambalo Bi Giza aliondoka nalo likimchoma mpaka nyumbani.

"Kwani mama, wewe unajua kuliko picha?"

Bi Giza alikifunga tena kitambaa kichwani. Akaambiwa aandike barua.

Aliandika. Kurasa tatu, kwa mkono, herufi zimesimama. Jibu lilikuja baada ya siku kumi na mbili, mistari minne, likimshukuru kwa mapenzi yake kwa historia na kumjulisha kwamba maelezo ya mdomo hayawezi kutengua nyaraka zilizomo katika makusanyo. Binti yake, mama yake Maswali, aliisoma akacheka kwa uchungu.

"Mama, waachie. Sisi wenyewe tunamjua babu."

"Sisi tunamjua. Na hao wanaopita pale kila siku?"

Kulikuwa na jambo jingine. Picha ile ilikuwa inakwenda kuchorwa kwenye ukuta wa tangi kubwa la maji, kwa ajili ya siku ya maadhimisho, pamoja na majina yake. Zilibaki wiki tatu. Kibao cha makumbusho unaweza kukibandua, lakini ukuta wa tangi utasimama pale kuliko watu wote walio hai leo, na kila atakayekuja kuchota au kulipia bili atasoma kwamba mwenye masikio yale aliiba mabomba.

Na baba yake ndiye aliyeyahesabu mabomba. Hilo ndilo lililomnyima Bi Giza usingizi. Fundi bomba alilala mtaroni kwenye tope kwa miezi, akagundua kwamba mabomba yaliyoandikwa kwenye daftari la karani hayafanani na yaliyofukiwa ardhini. Alihesabu mara tatu kwa kutembea juu ya mtaro wote kwa miguu. Kisha akasema, ingawa karani alikuwa na ndugu wenye vyeo na yeye alikuwa na spana. Baada ya kesi hakupata tena kazi ya serikali. Alimalizia maisha akiziba mabomba yanayovuja majikoni kwa watu, na hakulalamika. Bi Giza alikuwa analalamika kwa niaba yake sasa, na malalamiko ya miaka hamsini hayasemwi kwa sauti ndogo.

Safari ya pili alikwenda na shati la mkwewe kwenye kiango cha nguo. Alilinyanyua mbele ya meza ya mhifadhi, akaonyesha mfuko, akaonyesha vifungo. Mhifadhi alijikuna kidevu.

"Inawezekana ilikuwa mitindo ya wakati ule, mama."

Bi Giza alimtolea uvivu. Alimwuliza kama wakati ule watu walitembea pia kinyumenyume. Alimwuliza amesomea wapi, na kama huko alikosomea walikuwa na kioo. Alipomaliza, aliliweka shati mezani akazungumza polepole, jambo ambalo waliomjua waliliogopa zaidi.

"Studio ilipofungwa, negativu zote tuliwapa nyie. Masanduku kumi na moja. Niliyafunga kwa mikono hii, nikaandika mwaka juu ya kila sanduku. Yako wapi?"

"Yapo stoo."

"Mmeyafungua?"

Mhifadhi alitazama dirishani. "Bado hayajaingizwa kwenye orodha. Wafanyakazi ni wachache. Na ufunguo anao mtu wa stoo, yuko likizo."

"Miaka tisa yuko likizo?"

Alianza kupigwa danadana. Ufunguo ulirudi, lakini kibali hakijasainiwa. Kibali kikasainiwa, lakini anayeshika negativu lazima awe na glavu na glavu zimeagizwa. Bi Giza alinunua glavu mwenyewe. Shuleni Maswali alikuwa amepigana na msichana mmoja kwa ajili ya neno mwizi, akarudi na kola imechanika. Ukuta wa tangi ulikuwa umeshapakwa chokaa, na mchoraji ameshapiga mistari ya miraba ya kunakilia.

Safari ya tatu alifika kabla ya mlango kufunguliwa, akakaa kwenye benchi la mapokezi, begi mapajani. Alikaa mpaka adhuhuri. Mwongozaji wa wageni, yule binti wa fimbo, alimletea maji, akanong'ona: "Bibi, tangu ile siku nimeacha kusema habari za shoto." Alasiri mhifadhi mwenyewe akatoka, tai imelegea, akasema: "Haya mama, njoo."

Stoo ilikuwa chumba kirefu chenye rafu za chuma. Masanduku yake yalikuwa chini kabisa, kamba alizozifunga yeye bado zina fundo lake. Hiyo ilimuudhi kuliko barua. Hakuna aliyejaribu hata kufungua. Alikata kamba, akapata mwaka, akapata bahasha ya mwezi, na vidole vyake vya rangi ya chai vikapita juu ya kingo za bahasha hadi vikasimama. Mhifadhi akawasha meza ya kioo yenye taa chini yake.

"Tazama pembeni ya filamu," Bi Giza alisema. "Kuna namba za kiwandani. Ukiziona zimenyooka, zinasomeka, ujue unaitazama kwa upande wake. Zikiwa kinyume, umeigeuza. Zisome."

Mhifadhi akainama. "Tano. Sita. Zimenyooka."

"Sasa watazame watu."

Alitazama. Weusi walikuwa weupe na weupe weusi, lakini mkasi ulikuwa mkono wa kulia. Mifuko yote saba ilikuwa upande wa moyo. Na mwenye masikio alikuwa amesimama upande wa kulia, wa sita kutoka kushoto, pale pale majina yalipomweka. Mhifadhi alihesabu kwa kidole, mara moja, mara mbili. Aliponyanyuka uso wake ulikuwa umemshuka.

"Mama, nisamehe."

"Usiniombe mimi. Nenda kabandue."

Walikwenda pamoja. Aliishusha picha ukutani, akaifungua fremu ili aweke kumbukumbu ya upande wa nyuma, maana sasa alikuwa mtu wa kufuata utaratibu hasa. Nyuma palikuwa na mhuri wa studio, majina saba kwa mwandiko wa mwenye studio, na kwenye pembe ya chini, kwa penseli, kiduara kidogo chenye nukta katikati.

"Na hii alama ni nini?" aliuliza mhifadhi.

Bi Giza alivuta kiti akakaa.

Mwenye studio, ndiye mpiga picha, alikuwa mtu mkali. Siku msichana alipoanza kazi alimwambia: kila picha utakayoisafisha utaitia alama yako nyuma, ili ikiharibika nijue nivute sikio la nani, na lako ni rahisi kulikamata. Msichana akachagua jicho. Siku ya bomba ilimkuta katika wiki yake ya tatu kazini. Alisafisha kubwa moja kwa ajili ya ofisi ya mji na ndogo moja kwa ajili ya baba. Mwenye studio aliandika majina kutoka kwenye daftari lake, picha zikiwa zimelala kifudifudi juu ya meza, akazipeleka. Miaka yote hii Bi Giza alikuwa ameamini kwamba ile kubwa aliisafisha mwenye studio mwenyewe. Labda hakuwahi kuamini, labda aliitaka tu iwe hivyo.

Na sasa lilimrudia lile jingine, zima, kama limetoka kwenye beseni. Baba amekaa mlangoni, viatu vina tope, ameishika ile picha ndogo kwa ncha za vidole. "Mwanangu, mbona mmenihamisha? Mimi nilisimama upande wa pili, upande wa ngazi ya tangi." Naye, msichana wa wiki tatu kazini, aproni mpya, akacheka. "Baba! Kwani wewe unajua kuliko picha?"

Mzee hakubishana. Aliigandisha kwenye sanduku lake la zana, na maneno hayo hakuyasema tena mpaka alipokufa.

"Ni yako," mhifadhi alisema taratibu. Hakuwa mjinga, alikuwa mvivu tu.

"Ni yangu. Yule punguani ni mimi."

Kijana akavuta kiti cha pili. Kwa mara ya kwanza alizungumza kama mtu na si kama barua. "Sikiliza mama. Nitaandika marekebisho leo, na mchoraji nitampigia sasa hivi asimame. Nitaandika 'hitilafu ya kiufundi katika usafishaji wa picha'. Inatosha. Hakuna haja ya kumtaja mtu. Hakuna atakayejua."

Ilikuwa njia nzuri, na Bi Giza aliitamani. Miaka arobaini na mmoja ya kujipiga kifua. Wasichana wanne na vijana watatu, wengine sasa wana studio zao. Angeweza kutoka pale na jina la baba limesafishwa na lake halina doa. Alikaa nalo kidogo, akikisugua kile kiduara cha penseli kwa kidole gumba, nacho hakikufutika. Halafu hasira ikampanda upya, na safari hii ilikuwa na watu wawili wa kuimalizia.

"Hitilafu!" alisema. "Baba yangu mlipomwita mwizi, mliandika hitilafu? Mlimtaja. Cheo chake, uso wake, kosa lake. Basi nami nitaje. Na ukimaliza kunitaja mimi, jitaje na wewe, maana mimi niliikosea siku moja nikiwa mtoto wa kazi, na nyie mmeilalia miaka tisa ikiwa kwenye sanduku. Chukua kalamu."

Akachukua kalamu.

Siku ya maadhimisho watoto wa shule walipitishwa tena makumbusho kabla ya kwenda kwenye tangi. Vikombe havikuweza kurudishwa. Viko mpaka leo majumbani mwa watu, masharubu ya karani yakinyweshwa chai kila asubuhi, na cha Maswali kinashikilia mlango wa choo usijifunge. Lakini picha ilikuwa mpya ukutani. Mkasi ulikuwa mkono wa kulia. Spana ilikuwa na uso wenye masikio pembeni yake. Mwongozaji aliinua fimbo akamwambia Maswali asome kibao, naye akasoma kwa sauti ya kusikika mpaka mapokezi, kwa sababu alitaka yule msichana aliyepigana naye asikie vizuri.

"'Wa sita kutoka kushoto, fundi bomba, aliyelaza bomba la kwanza na kutoa ushahidi mabomba yalipoibwa. Picha hii ilionyeshwa hapa ikiwa imegeuzwa, na fundi akatajwa kuwa mwizi. Iligeuzwa na binti yake, wiki ya tatu kazini. Baba alimwambia, hakumsikiliza. Makumbusho haya yalikuwa na negativu kwa miaka tisa, hayakuitazama. Binti alikuja kutuambia, hatukumsikiliza.'"

"Huyo binti yuko wapi?" mtoto mmoja aliuliza.

Kutoka nyuma ya kundi mkono wenye kucha za rangi ya chai ulinyooka juu, kama wa mwanafunzi. "Nipo hapa. Mnitazame vizuri."

Walimtazama. Hakuna aliyecheka masikio. Walipoanza kutoka kuelekea kwenye tangi, Maswali alibaki amemshika mkono, akimtazama mtu wa sita, na Bi Giza alijua kabla hajafungua mdomo kwamba linakuja.

"Bibi, alipokwambia umemhamisha, ulimjibu nini?"

Alikuwa amemjibu mjukuu maswali yake yote tangu alipojua kusema, na hili nalo alilijibu.

"Nilimwuliza kama anajua kuliko picha."

"Kwani alijuaje?"

Bi Giza alimtazama baba yake, mikono nyuma, upande wa ngazi ya tangi.

"Alikuwepo, mwanangu. Alikuwa amesimama pale."